Andiko fupi la kutia moyo: yanayosemwa na yaliyoandikwa

Mistari ya Biblia imetuzunguka: nyuma ya daladala, kwenye kadi za harusi, kwenye misalaba ya makaburi, kwenye "neno la leo" linaloingia katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo kabla chai haijachemka. Wapo wanaoona huu ni udini wa juu juu. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Nimekaa na wagonjwa wodini walioshikilia maneno manne tu ya Zaburi ya 23, "Wewe upo pamoja nami", na maneno hayo yakawavusha usiku.

Kinachoniumiza ni dhana zilizoota kuizunguka mistari hii. Zinamnyima mwenye shida faraja iliyomo ndani yake, na mara nyingine zinamwongezea jeraha. Nitazitaja zile ninazokutana nazo zaidi. Maandiko nimeyachukua katika Biblia ya Muungano ya 1952, ile ambayo wengi wetu tulikaririshwa utotoni.

"Mstari mmoja hautoshi, ni chakula cha wavivu"

Yesu alipojaribiwa jangwani alijibu mara tatu, na mara zote alijibu kwa sentensi fupi kutoka Kumbukumbu la Torati. Zaburi ya 117 yote ina mistari miwili. Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "Furahini siku zote, ombeni bila kukoma", akaendelea na mengine. Aliyefiwa jana hana nguvu za kusoma sura tano, wala mama anayekesha na mtoto mwenye homa. Kwao ufupi ni rehema.

Ila jangwani humo humo shetani naye alinukuu andiko fupi, tena tamu: Zaburi ya 91, juu ya malaika watakaokuchukua mikononi mwao. Na alipolinukuu aliruka maneno "katika njia zako zote". Yesu hakulikana andiko lile. Alisema, "Tena imeandikwa", akaweka andiko lingine kando yake. Kosa la shetani halikuwa kutumia maneno machache. Alilichomoa andiko peke yake akataka kulifanya kamba ya kumvuta Mungu.

Namba za mistari zenyewe si za manabii wala mitume. Hizi tunazotumia katika Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, katika toleo lake la 1551. Paulo hakuandika "nne kumi na tatu". Aliandika barua, isomwe mbele ya watu tangu salamu hadi kwaheri.

"Yeremia 29:11 ni ahadi kwamba mwaka huu mambo yatanyooka"

Huenda hakuna mstari unaosomwa zaidi ya huu kwenye mikesha ya mwaka mpya: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Unasomwa, watu wanapokea kwa shangwe, na Desemba ikifika bila ajira, bila mtoto, bila uponyaji, mtu anabaki akijiuliza kama yeye ndiye aliyesahauliwa.

Rudi mstari mmoja tu nyuma. Mstari wa 10 unasema jambo hili litatokea Babeli itakapotimiziwa miaka sabini. Sabini! Yeremia alikuwa akiwaandikia watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza, mfalme wa Babeli, na wengi waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa ugenini. Sura iliyotangulia ina nabii mwingine, Hanania, aliyewaahidi watu kwamba kila kitu kitarudi baada ya miaka miwili. Huyo ndiye aliyekuwa na ujumbe wa kushangiliwa, na huyo ndiye aliyekuwa mwongo.

Sasa soma Mungu anavyowaambia wafanye katika kungoja huko: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, wazae, wautakie amani mji ule ule wa adui zao. Hapo ndipo ninapoiona faraja ya mstari wa 11, na ni kubwa kuliko ile ya mkesha. Mungu hawaambii wafunge mizigo. Anawaambia kwamba maisha yao mahali wasipopachagua hayajapotea bure, na kwamba mawazo yake ya amani yanawahusu wakiwa bado hapo. Katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, wapo watu wanaoielewa barua hii kuliko wahubiri wengi. Wamepanda mboga kwenye ardhi isiyo yao. Wamezaa. Watoto waliozaliwa humo wamekuwa watu wazima. Ukimsomea mtu wa namna hiyo mstari wa 11 peke yake kana kwamba kesho anaondoka, umemdanganya. Msomee kuanzia mstari wa 4, utaona atakavyoinua kichwa.

"Kila sentensi iliyomo katika Biblia ni ahadi ya Mungu kwangu"

Ukifungua duka, mtu atakuletea Ayubu 8:7. Utalikuta kwenye kuta za fremu, kwenye vikundi vya kukopeshana, kwenye kadi za uzinduzi: mwanzo wako ulikuwa mdogo, lakini mwisho wako utaongezeka sana. Linasikika kama ahadi. Nani amelisema?

Bildadi, Mshuhi. Mmoja wa marafiki waliokuja kumfariji Ayubu. Na mistari mitatu tu kabla ya maneno hayo, Bildadi huyo alikuwa akimweleza baba aliyezika watoto kumi kwamba pengine watoto hao walikufa kwa sababu ya dhambi zao. Hoja yake yote ni kwamba ukiwa msafi, utafanikiwa; ukiona hujafanikiwa, jichunguze. Mwisho wa kitabu, katika 42:7, Mungu anasema hasira yake imewaka juu ya marafiki hao kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu, kama alivyonena Ayubu. Basi neno tunaloandika ukutani kama ahadi ya Mungu limetoka katika hotuba ambayo Mungu mwenyewe aliikemea. Ni kweli mwisho wa Ayubu ulibarikiwa kuliko mwanzo wake, lakini haukuwa kwa kanuni ya Bildadi.

Silisemi hili ili mwenye duka achubue rangi ukutani. Nalisema kwa sababu biashara ikifa, ile kanuni ya Bildadi inarudi kumhukumu: umekosea wapi? Anayetaka neno la mwanzo mdogo analo zuri zaidi, Zekaria 4:10: "Maana ni nani aliyeidharau siku ya mambo madogo?" Waliorudi kutoka Babeli walikuwa wakijenga hekalu upya, na kitabu cha Ezra kinasema wazee walioliona la kwanza walilia kwa sauti msingi ulipowekwa. Katikati ya kilio hicho na vikwazo vilivyofuata, Zekaria anasema macho ya Bwana yanafurahi kuiona timazi mkononi mwa Zerubabeli, kiongozi wa ujenzi huo. Jengo bado. Ipo timazi tu, kifaa cha fundi, na Mungu ameshaifurahia kazi.

"Ayubu alisema 'Bwana alitoa', kwa hiyo usilie"

Hili linanigusa kuliko yote, kwa sababu nimeliona likitendeka chini ya turubai la msiba. Mama amezika mtoto, analia, na watu wazima wanaomheshimu kabisa wanamzuia: "Nyamaza mama, kazi ya Mungu haina makosa. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Wanampenda. Wanaogopa kilio chake kisije kikawa manung'uniko mbele za Mungu.

Lakini msomee Ayubu 1:20, mstari unaotangulia maneno hayo. Ayubu amerarua joho lake, amenyoa kichwa, ameanguka chini. "Jina la Bwana na libarikiwe" ni maneno ya mtu aliye mavumbini, nguo zimechanika. Kisha soma sura ya 3, ambapo mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa na kutamani usiku ule ungekuwa giza tupu. Tangu hapo kitabu kinaendelea kwa sura nyingi za Ayubu akimdai Mungu majibu, kwa ukali ambao wengi wetu tusingethubutu kuusema kwa sauti kanisani. Na huyo ndiye ambaye Mungu alisema amenena yaliyo sawa.

Marafiki wake nao walifanya jambo moja jema kabla ya kufungua midomo. 2:13 inasema waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyenena neno, "kwani waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno". Sisi tunaolala matanga, tunaokaa kwenye mkeka na mfiwa siku kadhaa, tunaijua kazi hiyo. Tumerithi sehemu bora ya wale marafiki. Hakuna sababu ya kuiharibu kwa kurithi na hotuba zao.

Na kama andiko fupi linatakiwa msibani, lipo: "Yesu akalia machozi." Yohana 11:35. Alilia akielekea kaburini pa rafiki yake Lazaro, akijua kwamba muda si mrefu atamfufua. Kujua kwake hakukumkausha machozi, basi tumaini letu la ufufuo lisitumike kumkausha mtu mwingine.

"Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba"

Sentensi hiyo haimo. Iliyo karibu nayo ni 1 Wakorintho 10:13, inayozungumzia majaribu ya kuvutwa kwenye dhambi: Mungu "hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo", atafanya na mlango wa kutokea. Kuhusu mizigo ya maisha, Paulo huyo huyo, kwa Wakorintho hao hao, katika barua ya pili 1:8, anakiri kwamba kule Asia walilemewa mno kuliko nguvu zao, "hata tukakata tamaa ya kuishi". Mtume alipewa mzigo asiouweza. Anasema ulimfundisha asijitumainie mwenyewe, bali Mungu awafufuaye wafu. Aliyezidiwa akijua hilo, anaweza kusema "nimeshindwa, nisaidieni" bila kujiona mwenye imani haba.

"Jisaidie nami nitakusaidia" nayo haimo, si Agano la Kale wala Jipya.

"Nayaweza mambo yote maana yake nitashinda"

Wafilipi 4:13 huandikwa kwenye madaftari ya watahiniwa na kusemwa kabla ya mechi. Aliyeandika alikuwa kifungoni, na "mambo yote" ameyataja mwenyewe katika mstari uliotangulia: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mstari unaofuata unawashukuru Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, kwa maana Epafrodito alikuwa amemletea msaada wao. Mwanafunzi wa kidato cha nne na ausome kabla ya mtihani, ni haki yake. Ila mzazi amweleze mapema kwamba mstari huu ni wa siku ya matokeo pia, hasa yakiwa mabaya. Asije akadhani siku ile aliyemtia nguvu ameondoka.

"Nikifungua Biblia popote, kidole kitakapoangukia ndipo Mungu aliposema"

Watu hutaja habari ya Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, ambaye mwaka 386 katika bustani ya Milano alifungua kitabu na macho yakaangukia Warumi 13, na maisha yake yakageuka. Ni kweli, yeye mwenyewe amesimulia. Ila kitabu alichofungua kilikuwa nyaraka za Paulo, ambazo alikuwa akizisoma na kuhangaika nazo tangu kabla ya siku ile. Mstari ule ulikuta udongo uliokwisha kulimwa.

Wamoravian wana desturi ninayoipenda. Tangu 1728 huko Herrnhut, Ujerumani, chini ya kiongozi wao Zinzendorf, wamekuwa na andiko moja kwa kila siku, na kanisa hilo lilifika Rungwe, kusini mwa nchi yetu, mwaka 1891. Andiko la Agano la Kale hupatikana kwa kura. Lakini haliachwi hivyo hivyo: huchaguliwa andiko la Agano Jipya la kukaa kando yake, kwa kufikiri. Na ni andiko la kanisa zima siku hiyo, halikupigiwa kura ili kumwambia mtu mmoja aolewe na nani.

"Mstari usiponigusa, imani yangu imepungua"

"Ni mpya kila siku asubuhi; uaminifu wako ni mkuu." Maneno hayo ya Maombolezo 3:23 yako katikati ya kitabu cha kilio juu ya Yerusalemu iliyochomwa moto na Wababeli. Baada yake kilio kinaendelea, na kitabu kinafungwa kikiwa bado kinauliza kama Mungu amewakataa kabisa. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila mstari wa shukrani mwishoni, na bado ni maombi yaliyohifadhiwa kwa ajili yetu. Asiyesikia kitu leo ana mahali pa kusimama ndani ya Biblia hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukienda kumtembelea mgonjwa au mfiwa na unataka andiko fupi, jaribu Zaburi ya 13. Ina mistari sita. Inaanza kwa kuuliza "hata lini" mara nne, "hata lini utanificha uso wako?", na kufika mstari wa tano inasema, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Isome yote kwa sauti, polepole. Na kama mwenyeji wako anataka kubaki kwenye "hata lini", baki naye hapo. Mstari wa tano mtausoma siku nyingine.