Upasuaji wa skoliosisi unaohifadhi unyumbufu si lazima uwe salama zaidi

Kila linapozuka suala la kijana mwenye skoliosisi, yaani uti wa mgongo uliopinda kuelekea ubavuni, husikika kauli kwamba upasuaji unaohifadhi unyumbufu ndio ulio salama kwa sababu haugandishi mgongo. Kauli hiyo imerudiwa mno, na wanaoumia ni wazazi wanaotakiwa kutia saini fomu ya ridhaa.

Upasuaji huo hunyoosha mgongo bila kuunganisha pingili ziwe mfupa mmoja. Unaojulikana zaidi ni ule wa kamba: skrubu hukazwa kwenye pingili upande wa nje wa pindo, kisha kamba imara ya plastiki huvutwa kutoka skrubu moja hadi nyingine. Upande uliobanwa hukua polepole, upande wa pili huendelea kukua, na mgongo hunyooka kadiri mtoto anavyorefuka.

Unyumbufu basi ni lengo la upasuaji, wala si kipimo cha hatari zake. Ni kweli kwamba kuunganisha pingili kwa vyuma humpunguzia kijana uwezo wa kuinama na kujigeuza, hasa vyuma vikifika kiunoni, na hasara hiyo ni ya kudumu; lakini pingili zikishashikana vizuri, sehemu hiyo kwa kawaida haipindi tena. Kamba hutegemea kitu ambacho daktari anaweza kukikadiria tu, nacho ni ukuaji uliobaki. Ukizidi makadirio, mgongo unaweza kupitiliza na kupinda upande wa pili. Ukipungua, pindo hubaki. Kamba yenyewe inaweza kukatika, na ingawa si kila inapokatika panahitajika kisu, wapo wanaorudishwa chumba cha upasuaji, baadhi yao ili waunganishwe pingili zile zile. Tena mara nyingi daktari hupitia kifuani, pafu la upande huo likitolewa hewa kwa muda, jambo ambalo upasuaji wa kuunganisha unaofanyiwa mgongoni hauhitaji.

Wengine hujibu kwamba FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilikwisha kuidhinisha kamba hiyo. Iliidhinisha Agosti 2019, lakini kwa idhini maalumu ya kibinadamu, inayohusu maradhi yasiyowapata zaidi ya watu 8,000 kwa mwaka nchini humo. Kwa njia hiyo mtengenezaji halazimiki kuthibitisha ufanisi. Hutakiwa kuonesha kwamba kifaa hakimtii mgonjwa katika hatari kubwa isiyostahili, na kwamba manufaa yanayotarajiwa yanazidi madhara. Walengwa walikuwa watoto ambao mifupa yao haijakomaa, wenye pindo la nyuzi 30 hadi 65, ambao mkanda wa kushikilia mgongo haukuwafaa au hawakuuvumilia. Kijana aliyemaliza kukua hamo.

Kwa hiyo anayesema "ni salama zaidi" angesema kwa usahihi zaidi kwamba upasuaji huu unauachia mgongo nafasi ya kukunjika, na kwamba uwezekano wa kupasuliwa tena ni mkubwa kuliko kwa aliyeunganishwa pingili.