Kadi ya ukaazi imeisha muda ukiwa Kilimanjaro: usiogope, lakini usikate tiketi kwanza

Mkaazi wa kudumu wa Canada au Marekani ambaye kadi yake imeisha muda akiwa huku nyumbani huwa na hofu moja: kwamba ameshapoteza kila kitu. Hajapoteza. Kadi ni ushahidi wa hadhi yake, na hadhi haimtoki mtu kwa sababu tu tarehe iliyochapwa pale imepita, kama ambavyo Mtanzania haachi kuwa raia siku pasipoti yake inapoisha muda. Ipo kadi moja ya Marekani isiyofuata kanuni hii, nitaifikia. Kwa wengine wote, kilichopotea kwanza ni njia ya kupanda ndege.

Mhudumu wa shirika la ndege pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) si afisa uhamiaji wa nchi unayokwenda. Hana mamlaka ya kuamua kama wewe ni mkaazi au la, na wala haulizwi hivyo. Anachojua ni kwamba shirika likimpeleka abiria asiye na hati zinazotakiwa, shirika hutozwa fedha na hulazimika kumrudisha. Kwa hiyo anachukua pasipoti, anaomba kadi, anaigeuza kuangalia tarehe, anasoma kwenye kompyuta masharti ya nchi husika, halafu anamwita msimamizi wake. Baada ya hapo mabegi yanashushwa kwenye mizani. Kumweleza vifungu vya sheria wakati huo hakusaidii. Na hata ukipita pale, safari nyingi kutoka KIA hubadilisha ndege Addis Ababa, Doha au Amsterdam, ambako hati zinaweza kukaguliwa tena. Ni heri kukwama Moshi, kwenye ndugu, kuliko kukwama katikati ya njia.

Wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria kwa tatizo hili si watu wazembe. Wengi walikuja kwa msiba, au kumuuguza mzazi, wakakaa kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kukaa. Wengine walifungwa na kesi ya mirathi au mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ambao haukutaka kuisha. Wanachokosa ni kujua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na katika jambo hili mpangilio wa hatua ni nusu ya kazi.

Nianze na Canada, kwa sababu sheria yake ndiyo yenye hesabu zinazowachanganya watu zaidi. Kadi ya mkaazi wa kudumu wa Canada kwa kawaida hudumu miaka 5. Kadi mpya haitumwi nje ya Canada, kwa hiyo aliye Machame au Usa River hawezi kuisubiri hapa. Anachotakiwa kuomba ni hati ya kusafiria ya mkaazi wa kudumu, ambayo hubandikwa ndani ya pasipoti na kwa kawaida hutumika kuingia mara moja. Ada yake ni dola 50 za Canada. Ukishaingia Canada ndipo unaomba kadi mpya.

Afisa anayelipokea ombi hilo haangalii tarehe ya kadi. Anahesabu siku. Mkaazi wa kudumu anatakiwa awe amekaa Canada angalau siku 730 ndani ya miaka 5 iliyopita, na si lazima ziwe mfululizo. Siku uliyokaa hata kwa sehemu tu huhesabiwa kuwa siku nzima. Ambaye hajatimiza miaka 5 tangu apate ukaazi anatakiwa kuonyesha kwamba bado anaweza kuzifikisha siku hizo kabla ya miaka hiyo kuisha.

Hapa ndipo watu wanapojichelewesha bila kujua, kwa sababu miaka 5 hiyo haihesabiwi kuanzia tarehe ya kadi. Huhesabiwa kurudi nyuma kuanzia siku unapoomba. Chukulia mama aliyeishi Canada mfululizo tangu mwaka 2018, akaja Moshi katikati ya Januari 2023 kumtunza baba yake, na hajarudi. Akiomba tarehe 1 Juni 2025, miaka 5 yake inaanzia tarehe 1 Juni 2020. Tangu siku hiyo hadi alipoondoka ana siku zaidi ya 950. Yuko salama kabisa, hata kama kadi yake iliisha zamani. Lakini kila siku anayoendelea kukaa Moshi inamla siku moja upande wa nyuma. Ifikapo katikati ya Januari 2026 atakuwa amebaki na siku 730 kamili, na baada ya hapo anaanza kupungukiwa. Mama huyohuyo, kadi ileile, hadithi ileile, ila miezi saba na nusu imebadilisha ombi la kawaida kuwa ombi la kuomba huruma. Ndiyo maana mtu akituuliza asubiri hadi mavuno au hadi Krismasi, kabla ya kumjibu tunachukua karatasi na kuhesabu naye.

Aliyepungukiwa asikate tamaa haraka. Sheria ya Canada inahesabu baadhi ya siku za nje kana kwamba ulikuwa ndani: ulizokaa nje ukiwa pamoja na mume au mke ambaye ni raia wa Canada, alizokaa mtoto akiwa na mzazi ambaye ni raia, na ulizofanya kazi ya muda wote kwa kampuni ya Canada au serikali yake iliyokupeleka nje. Isipokuwepo hata moja kati ya hizo, afisa anatakiwa bado kuangalia sababu za kibinadamu, yakiwemo maslahi ya mtoto yeyote atakayeguswa na uamuzi huo.

Na sababu za kibinadamu hazithibitishwi kwa maelezo matamu. Zinathibitishwa kwa makaratasi yenye tarehe. Kama ulimuuguza mzazi hospitali ya KCMC au Mount Meru, omba barua ya daktari inayotaja tarehe ya kulazwa, ya kuruhusiwa na za kliniki, na inayosema mgonjwa alihitaji mtu wa kukaa naye. Kama kulikuwa na msiba, cheti cha kifo kutoka RITA kina uzito ambao picha za mazishi hazina. Kesi ya mirathi ina namba na mwenendo wake mahakamani, omba nakala. Weka pia vinavyoonyesha kwamba maisha yako bado yana mizizi kule: mkataba wa nyumba, akaunti ya benki inayotumika, kodi ulizolipa, barua ya mwajiri, shule ya watoto. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na kama mtafsiri hana ithibati, aape mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Nimeona mafaili yenye sababu nzito kabisa yakiwa na barua moja tu ya mwenyekiti wa mtaa. Barua ile ina nafasi yake, lakini haiwezi kubeba miaka miwili ya ugonjwa.

Ombi likikataliwa, una siku 60 za kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji cha Canada. Siku hizo ni chache kuliko zinavyosikika, hasa kwa mtu anayetafuta wakili akiwa bara jingine. Hadhi yako haifutiki wakati rufaa inasubiri uamuzi. Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi hawalijui: kama uliwahi kuwa ndani ya Canada, hata kwa siku chache, katika siku 365 zilizotangulia, na umekata rufaa ambayo haijaamuliwa, sheria inataka upewe hati ya kusafiria ili urudi.

Wapo wanaoshauriwa mitaani waombe viza ya kutembea ili tu waingie. Ushauri huu ni mbaya. Mkaazi wa kudumu hapewi viza ya mgeni mpaka kwanza aukane ukaazi wake kwa maandishi, na akishaukana hakuna rufaa ya kuurudisha. Wengine huambiwa wapitie Marekani na kuvuka mpaka kwa gari binafsi. Ni kweli kwamba sharti la kadi au hati ya kusafiria linawahusu wanaofika kwa ndege, basi, treni au meli, na kwamba mpakani kwa gari binafsi mkaazi anaweza kujieleza kwa hati nyingine. Lakini mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji kwanza viza ya Marekani, na afisa wa mpakani atahesabu siku zilezile 730. Zikipungua anaweza kuandika ripoti itakayoishia kwenye amri ya kuondoka. Halafu wapo vishoka wanaosema wana mtu ubalozini. Hakuna mtu wa namna hiyo. Kila fomu ya Canada inapatikana bure kwenye tovuti ya serikali yao, na anayekutoza kwa ajili ya fomu anakuuzia kitu cha bure.

Kwa Marekani, swali la kwanza tunalouliza ni umekaa nje muda gani. Grinikadi ya kawaida hudumu miaka 10. Kama imeisha muda na hujafikisha mwaka mmoja nje, mlango bado uko wazi. Mwongozo ambao mamlaka ya mipaka ya Marekani imewapa mashirika ya ndege unaruhusu kumpakia mwenye kadi ya miaka 10 iliyoisha muda, lakini si kila shirika hukubali, kwa hiyo liandikie mapema na utunze jibu lao. Wakikataa, kuna fomu I-131A, ambayo hulipiwa kwanza mtandaoni, kisha unakwenda mwenyewe Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ukiwa na pasipoti, risiti ya malipo na ushahidi wa tarehe uliyoondoka Marekani. Wakiridhika, hubandika kwenye pasipoti kibali cha kupanda ndege. Na kama kabla ya kuondoka uliwahi kutuma ombi la kuhuisha kadi kwa fomu I-90, itafute risiti yake: tangu Septemba 2024 risiti hiyo huiongezea kadi miezi 36, na huenda huna tatizo kabisa.

Ukipita mwaka mmoja nje bila kibali cha kurejea, hata kadi ambayo tarehe yake haijafika haikutoshi tena. Kibali hicho huombwa ukiwa ndani ya Marekani kabla ya kusafiri, na hakizidi miaka 2. Aliyekwama zaidi ya hapo anaomba viza ya mkaazi anayerejea, iitwayo SB-1, na lazima aonyeshe mambo matatu: kwamba alikuwa mkaazi halali alipoondoka, kwamba aliondoka akiwa na nia ya kurudi, na kwamba kilichomchelewesha kilikuwa nje ya uwezo wake. Ugonjwa wenye barua za hospitali unaeleweka. Ujenzi wa nyumba usiokwisha hauingii hapo.

Ile kadi niliyosema nitaifikia ni ya miaka 2, wanayopewa hasa watu walioingia kwa ndoa changa. Hii kweli hadhi yake inaisha na kadi, kama hamkutuma fomu I-751 ya kuondoa masharti katika siku 90 kabla ya tarehe hiyo. Mwenye kadi hii asije likizo ndefu bila kuangalia kalenda, na aliyeshachelewa amwone wakili wa uhamiaji wa Marekani kabla ya kugusa fomu yoyote.

Kuna karatasi moja ya kuwa nayo makini, fomu I-407. Ni tamko la kuachia ukaazi kwa hiari. Watu, hasa wazee wanaokwenda Marekani kila mwaka kuona wajukuu, huwekewa fomu hii mbele yao uwanja wa ndege wakiwa wamechoka na safari. Afisa hawezi kukulazimisha kuisaini. Ukikataa, una haki ya kusikilizwa na jaji wa uhamiaji. Waelezeni wazazi wenu hili kabla hawajapanda ndege, kwa lugha wanayoielewa vizuri.

Uingereza ina utaratibu wake. Ukaazi usio na kikomo huko hupotea ukikaa nje miaka 2 mfululizo. Kwa waliopata hadhi kupitia mpango wa familia za raia wa Ulaya ni miaka 5. Aliyepitiliza anaomba viza ya mkaazi anayerejea. Kadi nyingi za ukaazi za Uingereza ziliandikwa kuisha tarehe 31 Desemba 2024 kwa sababu nchi ile imehamia kwenye viza ya kielektroniki, kwa hiyo kadi iliyoisha siku hiyo haisemi lolote kuhusu haki yako ya kuishi kule. Fungua akaunti yako mtandaoni na uone hadhi yako inavyosomeka.

Akaunti hiyo imeunganishwa na namba ya pasipoti. Ukihuisha pasipoti ya Tanzania kwenye ofisi ya Uhamiaji Arusha au Moshi, namba inabadilika, na usipoingiza mpya, shirika la ndege litakapotafuta hadhi yako halitaiona. Pasipoti ya zamani usiitupe hata ikiwa imetobolewa. Mihuri yake ya kuingia na kutoka ndiyo hesabu yako ya siku, na wapo wateja wetu ambao muhuri mmoja wa KIA, uliofifia pembeni ya ukurasa, ndio ulioonyesha walikaa nje miezi kumi na mmoja na si kumi na mitatu. Kama unakuja kutuona, njoo na pasipoti zote, mpya na za zamani, kadi yenyewe pande zote mbili, na tiketi au barua pepe za safari zako za miaka 5 iliyopita. Wenye watoto waje pia na kadi na pasipoti za watoto, maana kila mtoto anaombewa hati yake peke yake na siku zake huhesabiwa tofauti na za mzazi.