Kabla hujaisingizia betri ya saa yako ya kukimbilia

Hapa Moshi saa nyingi za GPS zinazofika mezani kwangu hazikununuliwa dukani. Zilipanda Kilimanjaro mkononi mwa mgeni, zikashuka mkononi mwa aliyemwongoza au aliyembebea mizigo. Ni bahashishi ya safari. Nyingine ni za wakimbiaji, na hao huanza kumiminika Januari, mazoezi ya Kilimanjaro Marathon yakipamba moto. Wote huja na neno lile lile: "Fundi, betri imekufa."

Zamani nilikuwa nawaamini. Siku hizi nauliza kwanza: imekufaje? Haipokei chaji? Inapokea lakini haikai? Au inazimika ghafla huku kioo kinasema bado asilimia 30? Hayo ni magonjwa matatu, na ni hilo la mwisho tu linalonifanya niishuku betri kabla ya kitu kingine.

Aliyenifundisha kuuliza ni dada mmoja mkimbiaji, na ada ya somo nililipa mimi. Alileta saa ya miaka mitatu hivi. Kitabu chake kinasema inakaa siku 7 kwa matumizi ya kawaida, au masaa 20 GPS ikiwa inafanya kazi. Yake ilikuwa haimalizi siku mbili. Nikamuuliza mbio zake ndefu za Jumapili zinakula kiasi gani. Wakimbiaji hawakosi namba: akasema masaa mawili, asilimia 15. Nikaitikia "sawa, dada" na kuanza kutafuta betri ya saizi yake. Jibu lilikuwa limeshawekwa mezani, nami nikalifunika na bisibisi.

Piga hesabu nami. Masaa 20 ya GPS maana yake ni asilimia 5 kwa saa moja, kwa hiyo mbio za masaa mawili zilitakiwa kula 10. Zinakula 15, yaani mara moja na nusu. Siku 7 za kawaida ni kama asilimia 14 kwa siku. Yeye alikuwa anapoteza karibu 50 kwa siku, zaidi ya mara tatu. Betri iliyochoka imepungua ujazo, kama ndoo iliyojaa mchanga chini: ukichota kwa kikombe au kwa kata, imepungua kwa uwiano ule ule. Haiwezekani ikuonee ukiwa umelala na ikuhurumie ukiwa unakimbia. Namba hizo mbili zikipishana namna ile, kuna kitu kingine kinakunywa pembeni.

Sikupiga hesabu hiyo. Nilifungua, nikabadilisha, nikafunga, nikalipwa. Wiki mbili baadaye akarudi. Hakuketi.

"Fundi, betri uliyoniwekea ni feki."

Nikamwomba aniachie saa siku mbili. Nikaizungusha kila upande, nikazima hiki na kile, sikuona kitu. Jioni ya siku ya pili umeme ukakatika. Nikawa napapasa meza nitafute tochi ya simu, na pale gizani, katikati ya saa nne tano zilizolala, moja ilikuwa imewasha kioo. Ikazima. Baada ya muda ikawasha tena, hakuna aliyeigusa. Mchana huwezi kuiona. Taa ya kioo ni dhaifu mno mbele ya jua la dirishani.

Kilikuwa kitufe cha taa. Jasho lililokauka limechanganyika na vumbi kwenye tundu lake, kitufe kikibonyezwa hakirudi chote, kinabaki kinagusagusa. Niliweka matone ya maji ya uvuguvugu, nikakibonyeza mara nyingi, nikapangusa, nikarudia, mpaka kikaanza tena kutoa ule mlio mkavu wa "tik". Kazi ya robo saa, na haikuhitaji hata kufungua kifuniko. Kwa hiyo, saa yako ikiwa inaisha haraka, kaa nayo usiku chumbani taa zikiwa zimezimwa, uitazame tu dakika kumi. Na kila kitufe kibonyeze pole pole kwa kidole: kisichorudi kama wenzake ndicho mtuhumiwa.

Wanywaji wengine wa pembeni ni wa mipangilio, na sitakaa nao sana kwa sababu kila saa ina menyu yake. Sura ya saa uliyopakua mtandaoni yenye mshale wa sekunde na hali ya hewa huchora kioo upya muda wote. Rudisha iliyokuja na saa uone. Muziki unaopigwa kutoka kwenye saa yenyewe unakula kweli kweli. Kipimo cha oksijeni ya damu kinachofanya kazi usiku kucha hakina faida kubwa kwa mtu anayelala mjini. Na kama mambo yaliharibika mara tu baada ya saa kusasisha programu, izime kabisa, iwashe tena, kabla ya kuja kwa fundi.

GPS yenyewe, yaani kujua ulipo kwa mawimbi ya setilaiti, inahitaji maelezo kidogo. Setilaiti hizo ziko juu yetu kama kilomita 20,200, na mawimbi yanayotufikia ni hafifu kupita kiasi, hivyo kipokezi cha saa hutumia nguvu kuyachambua. Simu ikiunganishwa na saa mara kwa mara, saa hupakua faili ya kubashiri kila setilaiti itakuwa wapi siku zijazo. Ukikaa wiki mbili bila kuiunganisha, saa inabidi isikilize habari hizo kutoka angani kwa biti 50 tu kwa sekunde, na kila setilaiti huchukua sekunde 30 kurudia ile sehemu ya ujumbe inayosema yenyewe iko wapi. Ndiyo maana inatafuta, inatafuta, nawe umesimama chini ya mwembe unaibonyeza kwa hasira. Toka nje kwenye uwazi, subiri ikamate, ndipo uanze. Saa zinazopokea masafa mawili kwa mpigo hupima vizuri zaidi katikati ya maghorofa, lakini kwa barabara ya Mweka asubuhi hiyo ni anasa inayolipiwa kwa betri.

Sasa ile isiyopokea chaji. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo betri nyingi nzima hutupwa.

Geuza saa utazame pini za chaji mgongoni. Jasho ni chumvi. Ukitoka mbio ukaivua ikiwa mbichi na kuibandika kwenye chaja, umeweka volti 5 ndani ya maji ya chumvi, na hapo metali huliwa. Huanza na pini ya chanya: kwanza inapoteza mng'aro, halafu inakuwa nyeusi au kijani, mwisho inabaki shimo. Kwa hiyo suuza saa kwa maji ya bomba, ifute, iache ikauke, ndipo uchaji. Kama uchafu umeshakaa, tumia mswaki laini uliostaafu na spiriti kidogo. Usikwangue kwa kisu wala sindano. Kile kipako cha juu ni chembamba sana, ukikitoa ulichobakiza chini yake kitaliwa kwa wiki chache. Usisahau upande wa pili: zile pini za chaja zenye springi nazo hukwama. Zibonyeze moja moja kwa njiti ya kiberiti uone kama zote zinaruka.

Mimi hutumia mita ndogo ya USB, ile inayochomekwa kati ya chaja na waya. Betri za saa hizi ni ndogo, nyingi ninazokutana nazo zina ujazo wa kati ya miliampea-saa 200 na 300, na saa yenye njaa kwa kawaida huvuta kama miliampea 100 hadi 200. Mita ikionyesha sifuri, umeme haufiki. Ikicheza, mara 150, mara sifuri, mara 150, lawama ni ya pini au waya, na waya wa kubadilisha ni rahisi kuliko upasuaji.

Waongoza wageni wana kesi yao, inayofanana kila mara: "Nikiwa nyumbani inachaji, nikiwa kambini kwenye pawabenki inachaji dakika moja inaacha." Saa haina kosa. Pawabenki nyingi zimetengenezwa kujizima zikiona mkondo ni mdogo, zikidhani simu imejaa au waya umechomolewa, na saa huvuta kidogo mno kiasi cha kutohesabika. Chomeka na simu kwenye tundu la pili, au tafuta pawabenki yenye hali ya mkondo mdogo.

Na saa iliyolala kabatini miezi sita? Betri ya lithiamu ikishuka sana, saketi ndogo ya ulinzi huifunga ili isife kabisa. Ukichomeka chaja, kioo kinabaki cheusi. Usikate tamaa dakika ya tano. Iache kwa muda wa saa moja nzima, maana huanza kupokea umeme kwa kudondoshewa. Ikigoma kabisa, usimruhusu mtu aishtue kwa nyaya za moja kwa moja. Betri iliyokaa tupu muda mrefu huwa shaba yake imeyeyuka kwa ndani, na ukiilazimisha inaweza kujishoti yenyewe baadaye, ikiwa mkononi mwako. Saa utakayoiweka muda mrefu iache na chaji ya nusu.

Tufike kwenye kuzimika ghafla. Mtu anaondoka kambi ya Barafu kule mlimani usiku wa manane, saa inasoma asilimia 40. Kabla hajafika kilele cha Uhuru, mita 5,895, kioo cheusi. Akishuka na kuivaa ndani ya koti, inawaka tena na kusema 35. Baridi hupunguza mwendo wa kemia na kuongeza ukinzani wa ndani ya betri. GPS na taa vikiomba umeme kwa pamoja, volti zinaporomoka chini ya kiwango, saa inajizima. Umeme umo, hautoki tu. Ivae chini ya mkono wa jaketi. Na usiichaji ikiwa imeganda: chini ya nyuzi sifuri lithiamu hujipaka kama metali ndani ya betri, na uwezo unaopotea hapo haurudi. Ingia nayo kwanza kwenye begi la kulalia.

Lakini ikizimika hivyo hapa mjini, mchana wa nyuzi 30, hapo sawa, betri imezeeka. Nikifungua huwa sitosheki na multimita, kile kipimo cha volti, peke yake, maana multimita haivuti chochote, na betri mgonjwa isiyo na mzigo husoma volti 3.9 bila aibu. Naiunganisha na kikinza cha omu 39, inavuta karibu miliampea 100, nahesabu hadi kumi. Nzima hushuka kidogo tu, tuseme 3.8. Mgonjwa hudondoka hadi 3.4 au chini.

Iliyovimba haina vipimo. Kifuniko cha nyuma kikianza kuinuka au kioo kuachia pembeni, acha kuchaji, usiibane kwa gundi, usiitoboe, ilete.

Kwa nini naogopa kufungua? Saa imeandikwa 5 ATM, yaani inastahimili shinikizo la maji, kwa sababu ya mpira au gundi iliyobanwa kiwandani. Mimi naweka mpira mpya na kufanya usafi wote, lakini mashine ya kupima shinikizo sina, hivyo kila niliyoifungua namwambia mwenyewe asiogelee nayo. Yule dada alikuwa anaogelea Jumatano. Nilimrudishia pesa ya betri. Bwawa sikuweza kumrudishia.

Betri yake ya zamani niliijaza na kuipima ilipoisha: imeandikwa miliampea-saa 230, ikatoa 199. Bado iko kwenye droo yangu. Naitumia kujaribia saa za watu.