Mkeka hausukwi kwa majani ya mnazi

Wengi wanaotaka kujifunza kusuka mikeka nyumbani hukimbilia majani ya mnazi. Wanaona makuti na pakacha, wakadhani na mkeka unatoka hukohuko. Sivyo. Jani la mnazi likikauka huwa gumu na hukatika. Linafaa kuezekea, halifai kulaliwa.

Mkeka mzuri wa pwani hutokana na ukindu, yaani majani ya mkindu, mtende mwitu unaopenda sehemu zenye majimaji. Jamvi, ambalo ni zito zaidi, husukwa kwa miyaa, yaani majani yaliyochanwa, ya mkoma, mti mwingine wa jamii ya mtende. Huchukuliwa majani machanga ya katikati, kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani hadi yawe meupe. Yatakayotiwa rangi huchemshwa nayo kwanza, ndipo yasukwe.

Tena mkeka hausukwi mzima kwa upana wake. Unasuka ukili, utepe mwembamba na mrefu, kwa vidole tu, miyaa ikipishana kimshazari. Ukishatosha, unashonwa ukingo kwa ukingo. Tazama mkeka wa aina hii kwa karibu utaiona mishono hiyo. Kwa hiyo anayeanza asiogope ukubwa: ukili husukwa kidogokidogo, jioni kwa jioni, na kukunjwa kando.