Bakuli Kongwe la Chai la Kijapani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayekutana kwa mara ya kwanza na chawan kongwe, yaani bakuli linalotumiwa katika chanoyu, sherehe ya chai ya Wajapani, aghalabu hutoa hukumu moja kati ya mbili. Ama huliona kuwa chombo kilichomshinda mfinyanzi, kwa kuwa mdomo wake una mawimbi na ubavu mmoja umebonyea. Ama husikia bei yake akaamini kwamba kila kilichopinda na kuchakaa kutoka Japani ni hazina. Hukumu zote mbili hutoka kwa mtu aliyelitazama bakuli kwa juu tu. Wenye kuyajua mabakuli haya hulipindua polepole, juu ya mkeka na karibu na sakafu, wakatazama kitako.

"Ni kikombe kikubwa kisicho na mkono"

Chai ya sherehe hii haimiminwi kutoka kwenye birika. Ni matcha, majani yaliyosagwa yakawa unga laini kama wanja, na unga huo hutiwa bakulini kwa kijiko chembamba cha mwanzi, ukaongezwa maji ya moto, kisha ukapekechwa kwa kipekecho cha mwanzi mpaka utoe povu. Bakuli basi ni chombo cha kutengenezea chai na cha kunywea kwa pamoja, na ndiyo maana huwa na upana wa sentimita 12 hivi: kipekecho kinahitaji nafasi ya kwenda na kurudi. Unene wa kuta zake nao una kazi, kwa sababu mnywaji hulishika kwa viganja vyote viwili. La msimu wa baridi huwa na kina ili lihifadhi joto. La kiangazi huwa wazi na la kina kifupi.

"Limepinda kwa sababu mfinyanzi hakuwa fundi"

Hapa ndipo wengi hupotea, na inafaa tukae kidogo. Mabakuli ya Raku, yanayofinyangwa kwa mkono, yalianza Kyoto katika karne ya 16, mikononi mwa Chōjirō, aliyefariki mwaka 1589, chini ya uongozi wa mwalimu wa chai Sen no Rikyū (1522–1591). Chōjirō hakutumia gurudumu la mfinyanzi. Alichukua bonge la udongo, akalipapasa na kuliinua kwa viganja mpaka likawa bakuli, akaliacha likauke kiasi, kisha akalichonga kwa kisu ndani na nje. Wajapani walikuwa wamelijua gurudumu kwa karne nyingi kabla yake, kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba alikosa nyenzo. Aliliacha kwa makusudi, kwa kuwa Rikyū alitaka chombo kilichochukua umbo la viganja vitakavyolishika.

Bakuli jeusi la Raku huchomwa katika tanuri dogo na kutolewa likiwa jekundu kwa moto, mpako wake unaong'aa kama kioo ungali umeyeyuka, na ukilitazama kwa karibu utaona ubavuni alama ya koleo lililolishika. Alama hiyo haikufutwa wala kufichwa, na mnunuzi mgeni anayeiita dosari ana hakika ya kukosea.

Lakini upotofu wa upande wa pili ni mbaya vilevile. Si kweli kwamba bakuli la chai lisilokuwa jeusi, zito na la kimaskini si la asili. Nonomura Ninsei, aliyefanya kazi Kyoto katika karne ya 17, alifinyanga kwa gurudumu vyombo vyepesi vyenye kuta nyembamba, akavipamba kwa rangi na dhahabu, na watu wa chai wakavipokea.

Tena, yale mabakuli yenye nyufa nyeusi za moshi yanayouzwa kila mahali kwa jina la "raku" si ya Kyoto. Mtindo wa kukitia chombo chenye moto ndani ya takataka za mbao ili kishike moshi ulikuzwa Marekani kuanzia miaka ya 1960, hasa na Paul Soldner. Kyoto, Raku ni jina la ukoo, na ukoo huo sasa uko katika kizazi cha 16.

"Bakuli bora la Kijapani lazima liwe limefinyangwa Japani"

Japani imeorodhesha mabakuli ya chai manane kuwa Hazina za Taifa. Matano yalitoka China na moja Korea. Yaliyofinyangwa Japani kwenyewe ni mawili tu: bakuli la Shino, mtindo wa vyombo vyenye mpako mweupe mzito, liitwalo Unohanagaki, na bakuli la Hon'ami Kōetsu (1558–1637) liitwalo Fujisan, ambalo weupe wa juu na weusi wa chini ulitokana na moto wa tanuri. Kōetsu huyo, tuseme kando, kazi ya ukoo wake ilikuwa panga: kuzikagua na kuzing'arisha.

Lile la Korea ndilo mashuhuri kuliko yote. Linaitwa Kizaemon, kwa jina la mfanyabiashara mmoja wa Osaka aliyelimiliki, na limehifadhiwa Kohō-an, katika hekalu la Daitoku-ji mjini Kyoto. Lina kipenyo cha zaidi ya sentimita 15, rangi ya manjano iliyofifia, na lilifinyangwa kwa haraka, kama vinavyofinyangwa vyombo vingi kwa siku moja; mtu aliyelifinyanga hakuwaza kabisa sherehe ya chai. Chini karibu na kitako mpako umejikunja ukaacha vipele vingi, na Wajapani huviita kairagi, kwa jina la ngozi ya samaki wa jamii ya taa waliyokuwa wakiizungushia mipini ya panga. Mvuvi yeyote wa pwani yetu aliyewahi kupitisha kidole juu ya mgongo wa taa mwenye miiba midogo atajua bila maelezo zaidi ni kitu gani kinachosemwa.

Korea iliingia katika habari hii kwa njia ya vita pia. Katika uvamizi wa mtawala wa Japani, Toyotomi Hideyoshi, wa miaka ya 1592 hadi 1598, wafinyanzi wa Kikorea walichukuliwa wakapelekwa Japani, na tanuri za mji wa Hagi ni matunda ya mikono yao.

"Dhahabu ndiyo iliyounga ufa"

Dhahabu haiungi kitu. Katika kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika, kinachoshika vipande ni urushi, utomvu wa mti wa jamii moja na mwembe na mkorosho, ambao ukiwa mbichi huwasha na kutoa malengelenge, kama yanavyofanya mafuta ya ganda la korosho. Utomvu huo huchanganywa na unga wa ngano ukawa gundi, na pengo huzibwa kwa urushi uliochanganywa na unga wa udongo. Haukauki juani: hugandamana mahali penye joto na unyevu, na kazi nzima huchukua wiki au miezi. Dhahabu ni vumbi linalonyunyizwa mwishoni juu ya mstari wa urushi. Vifaa vya siku hizi vyenye gundi ya plastiki na unga wa shaba vinafaa kwa pambo la rafuni, chai usinywee.

Hadithi inayorudiwa mno ni kwamba kintsugi ilizaliwa pale shogun (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimasa alipopeleka China bakuli lake lililopasuka, likarudishwa limebanwa kwa pini za chuma, akachukizwa. Bakuli lenyewe lipo, katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo, nalo linaipinga hadithi hiyo. Ni seladoni, yaani chombo chenye mpako wa kijani, ya Longquan nchini China, ya karne ya 13, ya tanuri zilezile ambazo vigae vyake vimechimbuliwa Gede na Kilwa. Linaitwa Bakōhan, kwa kufananisha pini zake na nzige wakubwa, na watu wa chai walilipenda kwa pini hizo. Masimulizi ya kale husema China ilijibu kwamba haiwezi tena kutengeneza jingine zuri kama hilo; la kuchukizwa liliongezwa baadaye.

"Lina sanduku lenye maandishi, basi ni la kweli"

Sanduku la mbao nyepesi za mti wa kiri lenye mwandiko wa mfinyanzi au wa mwalimu wa chai hupandisha bei, na kwa hiyo hughushiwa, au sanduku la kweli hutiwa bakuli jingine. Mihuri pia hainusuru: muhuri wa Ninsei umeigwa kwa vizazi, na Chōjirō hakupiga muhuri kabisa. Mnunuzi hana budi kurudi kwenye udongo, na udongo huonekana kitakoni, mahali ambapo mpako haukufika.

Wajapani wenyewe walifundishwa somo hili mwaka 1930. Hadi wakati huo iliaminika kwamba vyombo vya Shino vilifinyangwa katika mji wa Seto, na mabingwa hawakuwa na shaka. Mfinyanzi Arakawa Toyozō aliruhusiwa mjini Nagoya kulishika bakuli moja la Shino lenye picha ya chipukizi la mwanzi. Alipolipindua, aliona kitakoni punje ndogo ya udongo mwekundu iliyonata, na udongo wa Seto hauwi hivyo. Siku chache baadaye alikwenda Ōgaya, katika eneo la Mino, akafukua penye tanuri la kale la Mutabora, na kilichomjia mkononi kilikuwa kigae cha Shino chenye chipukizi lilelile la mwanzi.