Majaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya hupatikanaje

Kila kiti kinapobaki wazi katika Mahakama ya Juu, swali ninaloulizwa sana ni Rais atamteua nani. Mimi ni wakili wa masuala ya katiba, na huwaambia watu waiangalie kwanza Tume ya Huduma za Mahakama (JSC).

Chini ya Katiba ya 2010 Rais hajichagulii jaji. Tume hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, kisha humpelekea jina. Jaji Mkuu na naibu wake hupigwa msasa na Bunge pia. Mwai Kibaki alijaribu njia ya zamani mapema 2011, akamteua Alnashir Visram kuwa Jaji Mkuu. Waziri Mkuu Raila Odinga akalalamika kuwa hakushauriwa, Mahakama Kuu ikasema Katiba imekiukwa, Spika Kenneth Marende naye akalikataa jina hilo. Februari haijaisha, Kibaki akaliondoa. Tume ikaanza usaili, na aliyepatikana ni Willy Mutunga, mwanaharakati ambaye hakuwahi kuwa jaji!

Tangu hapo mvutano umo ndani ya Tume yenyewe. Ina wanachama 11. Mwanasheria Mkuu, raia wawili wanaoteuliwa na Rais na mjumbe wa Tume ya Utumishi wa Umma ni wanne ambao Ikulu ina njia ya kuwafikia. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti, na sita waliosalia huchaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili. Ndiyo maana kampeni za mawakili kuwania viti viwili vyao huwa kali, ingawa mwananchi hazisikii.

Bunge nalo lilipitisha sheria mwaka 2015 ili Rais apelekewe majina matatu ya Jaji Mkuu achague mwenyewe. Mahakama Kuu ikaifuta 2016, kabla ya David Maraga kupendekezwa, na nashukuru.

Kinachonisumbua zaidi ni ucheleweshaji. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majaji 41 wa mahakama za chini ya Mahakama ya Juu. Uhuru Kenyatta aliyakalia majina hayo hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha sita, mmoja akiwa ameshafariki. Wale sita waliteuliwa na William Ruto, Septemba 2022, mara tu alipoingia madarakani. Katiba haikutaja idadi ya siku. Iongezwe, na zikipita bila Rais kutia saini, jaji ahesabiwe ameteuliwa na Jaji Mkuu amwapishe.