Aliyelea watoto si lazima ajue kumtunza mzee

Wengi tunapotafuta mtu wa kumtunza mama au babu nyumbani, tunampigia shangazi kijijini atutumie binti "mwenye heshima", tukiamini kwamba aliyelea watoto atamudu na mzee. Imani hii inawaumiza wazee wetu.

Mzee aliyepooza asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takribani kila baada ya saa 2, mchana na usiku, la sivyo hupata vidonda vya kulalia makalioni na visiginoni. Akilishwa amelala chali, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mwenye kisukari anayechoma insulini akianza kutokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Asiyefundishwa atamwacha "apumzike". Heshima peke yake haimfundishi mtu hayo.

Na cheti cha tabia njema cha polisi? Kiombe, lakini kinahusu rekodi ya uhalifu tu. Uwezo wa kazi utauona kwingine. Zipigie simu familia alizofanyia kazi, uulize mgonjwa alikuwa na hali gani na kwa nini mtunzaji aliondoka. Kisha mwombe amhamishe mzee kutoka kitandani hadi kitini mbele yako. Anayemvuta mikono hajafundishwa. Tazama pia kama anamsemesha mzee mwenyewe, au anaongea nawe tu kana kwamba mwenye mwili hayupo.

Binti wa kijijini ukimpenda, mwajiri, ila kwanza muuguzi amfundishe, na mshahara wake usiwe wa kufua na kupika tu.